Rodeo: kamba ya fahali na mengine tunayoyasema vibaya

Kwa Waswahili tulioko Marekani, msimu wa maonyesho ya wilaya ukifika mabishano kuhusu rodeo, mashindano ya kupanda mafahali na farasi wakali na kukamata ng'ombe kwa kitanzi, huanza upya, na mengi yanayosemwa hayana msingi.

"Fahali huruka kwa sababu amefungwa korodani." Kamba ipo, lakini hupita kiunoni, mbele ya miguu ya nyuma, wala haishiki korodani. Inamkera fahali, naye hurusha miguu juu zaidi ili aitoe. Kwa farasi, PRCA, chama kikubwa cha rodeo ya kulipwa, kinataka kamba hiyo iwekwe ngozi ya kondoo au kitu kingine laini. Ila kamba peke yake haimgeuzi ng'ombe mpole kuwa mkali. Wafugaji huchagua mafahali wanaorusha sana na kuwazalisha, kizazi baada ya kizazi.

Tena mnyama naye hupewa alama. Kwa kawaida waamuzi ni wawili, na kila mmoja hutoa hadi 25 kwa mpandaji na hadi 25 kwa mnyama, jumla 100. Kwa hiyo anayepangiwa fahali mvivu hana la kufurahia: hata akidumu mgongoni sekunde nane zinazotakiwa, akijishikilia kwa mkono mmoja bila ule wa pili kumgusa fahali, alama zitakuwa chache.

"Mwishoni fahali anauawa." Huko ni Uhispania. Kwenye rodeo fahali hurudi zizini, kama ilivyo katika mchezo wa ng'ombe kule Pemba.

"Wale wenye rangi usoni ni wachekeshaji tu." Yupo mchekeshaji kweli. Lakini wale wanaomkimbilia fahali mara mpandaji anapoanguka wako kazini: wanamvuta awafuate wao, mwenzao apate kuinuka. Mimi huwatazama hao kuliko mtu mwingine yeyote uwanjani.

"Ni mchezo wa wanaume wa Kizungu." Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Ufundi wa kitanzi na tandiko ulitoka kwa wachunga ng'ombe wa Mexico, na mchezo wao, charrería, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2016. Kumrukia ng'ombe kutoka juu ya farasi na kumwangusha kwa pembe ni sanaa iliyovumishwa na Bill Pickett, mtu mweusi wa Texas aliyezaliwa 1870, ambaye alimng'ata ng'ombe mdomo ili amlegeze. Wanawake nao walipanda farasi wakali mbele ya umati mapema katika karne iliyopita. Baadaye wakasukumwa pembeni, na mwaka 1948 wakaunda chama chao wenyewe huko Texas.

"Basi hakuna mnyama anayeumia." Hapa watetezi wa rodeo nao hukosea. Wanyama huumia, na wengine hufa. Mchezo wa ndama ndio mgumu kwangu kuutazama: anakimbia, kitanzi kinamkaba shingoni, anasimamishwa ghafla, anaangushwa na kufungwa miguu mitatu. Uingereza ilipiga marufuku michezo ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1934.

Tena maonyesho mengi madogo hayako chini ya PRCA, kwa hiyo kanuni zake haziyabani. Kabla ya kukata tiketi, waulize waandaaji kama daktari wa mifugo atakuwepo uwanjani muda wote, na kama mchezo wa ndama umo kwenye ratiba. Mimi huwatoa watoto nje unapofika.