Mafuta ya Damu Ambayo Hukuyala

Mgonjwa wa kisukari akiambiwa mafuta yamezidi kwenye damu, mara nyingi hujibu: "Daktari, mbona nyama ya mafuta niliacha zamani?" Anasema kweli. Sehemu kubwa ya mafuta hayo hakuyala, yametengenezwa na ini lake mwenyewe.

Wengi wanaijua insulini kwa kazi ya kuingiza sukari kwenye seli. Kazi yake nyingine ni kuzuia akiba ya mafuta mwilini, hasa ya kitambi, isimwagike ovyo kwenye damu. Insulini ikipungua, au mwili usipoisikia, mafuta hayo humiminika hadi kwenye ini, nalo huyarudisha damuni yakiwa trigliseridi, aina ya mafuta ya damu. Kimeng'enya cha kuyaondoa nacho hutegemea insulini, hivyo hulegea. Lehemu (kolesteroli) nzuri hushuka, na lehemu mbaya hugeuka kuwa chembe ndogondogo zinazopenya kirahisi kwenye kuta za mishipa.

Maabara, damu ikishazungushwa kwenye mashine, majimaji ya juu huwa ya manjano, tena maangavu. Kwa mtu ambaye sukari yake imekaa juu kwa miezi, kuna siku hutoka meupe kama tui la nazi. Chupa ya namna hiyo hunitia hofu kila niionapo. Trigliseridi hutakiwa kuwa chini ya milimoli 1.7 kwa lita. Zikivuka 10, kongosho linaweza kuvimba ghafla: tumbo la juu huuma vikali hadi mgongoni, na mtu hutapika. Hapo ni hospitali, usingoje kupambazuke.

Sukari ikidhibitiwa, trigliseridi hushuka sana, pengine ndani ya wiki chache tu. Soda na chai ya sukari ziachwe, wali na chapati vipungue sahanini, pombe ikome, dawa zisirukwe. Kutembea kila siku kunasaidia mno.

Lehemu mbaya haifuati sukari kwa kiasi hicho, na hapa ndipo tunapowapoteza watu. Mgonjwa anapima sukari kidoleni, anaona 6, anafurahi, anaacha vidonge vya statini, dawa za kushusha lehemu mbaya. Utafiti wa CARDS uliotolewa mwaka 2004 ulihusu wagonjwa 2,838 wa kisukari aina ya pili, Uingereza na Ireland, ambao lehemu yao haikuwa juu. Waliotumia atorvastatini, mojawapo ya statini, miligramu 10 kwa siku walipata mashambulizi ya moyo, kiharusi na matatizo makubwa ya aina hiyo pungufu kwa asilimia 37 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Ndiyo maana mwenye kisukari aliyefika miaka 40 huandikiwa statini hata kama sukari yake imetulia.

Ukienda kliniki, omba kipimo cha mafuta ya damu walau mara moja kwa mwaka, pamoja na kile cha sukari ya miezi mitatu. Na wewe mama unayetarajia kushika mimba, mwambie daktari mapema kuhusu statini unazotumia, kwa kuwa kwa kawaida husimamishwa.