Je, wajua kwa nini jemadari wa jeshi la Sultani wa Zanzibar alikuwa Mwingereza?

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Sultani pale ufukweni, jirani na Forodhani, kwa muda usiofika saa nzima. Wengi wanavijua vita vile kwa ufupi wake tu. Mimi wananishughulisha zaidi askari wapatao 900 wa Zanzibar yenyewe waliosimama upande wa Waingereza. Walifikaje huko?

Turudi 1877. Sayyid Barghash, Sultani wa wakati huo, alitaka amri yake iheshimiwe hadi bara, na jeshi lake la Waarabu na Waajemi halikumtosha. Akapatana na John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza, naye akaletewa Lloyd Mathews, luteni wa manowari mwenye miaka 27 ambaye kazi yake ilikuwa kukamata majahazi ya watumwa. Mathews aliwafungulia Waafrika mlango wa jeshi, nao hawakuwamo kabla yake. Akaandikisha watumwa, akatoa watu jela, hata Waafrika waliookolewa mikononi mwa wauza watumwa akawavisha sare. Mwaka haujaisha, 300 walikuwa wakicheza gwaride. Bunduki 500 zilitoka kwa serikali ya Uingereza.

Na hakuwa jemadari wa kukaa barazani. Desemba 1881, Kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza iitwayo London alipouawa na watu wa jahazi la watumwa karibu na Pemba, Mathews mwenyewe aliongoza kikosi hadi Wete, akamkamata Hindi bin Hattam aliyehusika. Askari aliyetolewa jela akapewa bunduki na heshima, kisha akamwona mkubwa wake anatangulia mbele, atamtii nani? Nadhani hapa ndipo Barghash alipokosea hesabu: mshahara ulikuwa wake, lakini utiifu ulijengwa na mtu mwingine. Mathews alipewa cheo cha Brigedia Jenerali wa Zanzibar, na 1891, nchi ikiwa tayari chini ya himaya ya Uingereza, akawa Waziri wa Kwanza.

Agosti 1896 Sultani Sayyid Hamad bin Thuwaini akafariki, na Khalid akaingia kasri bila idhini ya Waingereza. Khalid huyu alikuwa mtoto wa Barghash. Wale 900, safari hii chini ya Mwingereza mwingine, Arthur Raikes, ni jeshi lililoundwa na baba yake. Ndani ya kasri kulikuwa na watu kama 2,800, wakiwamo walinzi wa Kapteni Saleh. Waliouawa na kujeruhiwa walikaribia 500. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, akavushwa Dar es Salaam, akakamatwa 1916 na kupelekwa uhamishoni, akafia Mombasa 1927. Mathews alikufa kwa malaria hapa Unguja Oktoba 1901, na kaburi lake liko hapa hapa, katika makaburi ya Waingereza nje ya mji.