Dhahabu kidogo, kioo nyuma yake

Nikisema kazi yangu ni kugeuza mwanga kwa dhahabu, jamaa huniuliza kama nakopesha. Dhahabu yenyewe ni tabaka la nanometa 50 (nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita) kwenye sahani ndogo kama ukucha: haitoshi hata kipini cha pua.

Lenzi ya miwani hupinda mwanga kwa unene wake. Penye unene zaidi wimbi huchelewa zaidi. Sisi tunalichelewesha kwa vipande vya dhahabu vilivyo vidogo kuliko urefu wa wimbi lenyewe. Umewahi kuona gwaride likikata kona? Askari wa ndani hupiga hatua fupi, wa nje ndefu, na safu inageuka bila kuvunjika. Kila kipande ni askari: elektroni zake huyumba kwa mdundo wa wimbi, kisha hutoa wimbi jipya lililochelewa kulingana na umbo la kipande. Mwaka 2011 timu ya mwanafizikia Federico Capasso, Chuo Kikuu cha Harvard, ilionyesha hilo kwa antena za dhahabu zenye umbo la V.

Lakini mwanga mwingi ulipita bila kugeuka, na kosa halikuwa la mafundi. Tabaka moja jembamba halijui mbele wala nyuma. Hurusha mwanga pande zote mbili sawasawa. Ulichonge utakavyo, mwanga unaovuka ukiwa umegeuzwa hauzidi robo ya ulioingia. Sampuli zangu za kwanza zilikuwa hivyo, nami nikapoteza miezi nikilaumu mashine.

Dawa ni kioo, kile cha kujitazamia. Chini unaweka dhahabu nene isiyopitisha mwanga, juu yake tabaka la magnesiamu floridi inayopitisha mwanga, kisha vijiti vya dhahabu. Sasa mwanga hauna mlango mwingine ila ule ulioingilia. Mwaka 2015 hologramu (picha inayochorwa na mwanga) ya muundo huu ilifikia ufanisi wa asilimia 80, yaani sehemu hiyo ya mwanga ulioingia ilienda kwenye picha, kwa mwanga usioonekana wenye urefu wa wimbi wa nanometa 825. Vijiti vyote vililingana. Kilichotofautiana ni mkao tu. Zungusha kijiti nyuzi 45, wimbi linasogea nyuzi 90, yaani robo ya mzunguko wake. Hapo ndipo ninapoupendea muundo huu: kijiti kikitoka kinene kidogo, ufanisi unashuka, ila picha haiharibiki.

Kinachobaki, kingi huishia kuwa joto ndani ya dhahabu. Na usiiletee mwanga wa buluu, itaumeza. Ndiyo maana pete ya bibi harusi ni ya njano. Kwa buluu nahamia alumini, ndugu yake sufuria, ambayo nayo huwa mkaidi karibu na nanometa 800, palepale dhahabu inapofanya vizuri.