Aliyebakwa aende hospitali kwanza: maswali kuhusu afya ya vijana na wajibu wa serikali

Afya ya kijana si kazi ya wazazi?
Mzazi hulea. Lakini mzazi haajiri wauguzi, haagizi chanjo ya HPV (virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi) kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, wala hatungi sheria ya kuwazuia wauza sigara wasiwauzie watoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 24, unampa kila aliye chini ya miaka 18 haki ya afya bora kadiri inavyowezekana, na serikali iliyouridhia inawajibika.

Nyinyi wahudumu wa afya, ni jambo gani linalowaumiza vijana zaidi mnapowapokea?
Kuchelewa. Binti amebakwa Ijumaa, analetwa Jumatano. Ukiuliza siku zote hizo alikuwa wapi, unaambiwa familia ilikuwa inakaa kikao, au alikuwa akizungushwa kutafuta karatasi ya polisi. Dawa za PEP, zinazokinga dhidi ya VVU, zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Saa, si siku za kazi! Na usisubiri zikaribie kwisha, kwa maana kadiri dawa inavyoanza mapema ndivyo inavyokinga vizuri. Humezwa kwa siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina hadi siku 5, navyo pia hufaa zaidi vikiwahi.

Lakini si lazima kuanzia polisi?
Hapana. Hospitali kwanza. Shirika la Afya Duniani limeeleza wazi kwamba matibabu ya aliyebakwa yasitegemee ripoti ya polisi. Polisi wataitwa au watafuatwa akishaanza dawa.

Na ushahidi je?
Ukiweza, usioge kabla ya kupimwa, na nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Umeshaoga? Njoo hivyohivyo. Tumechoka kuwaona watu wakibaki nyumbani kwa sababu tu walioga.

Mvulana naye?
Naye vilevile, ndani ya saa zilezile. Wavulana ndio wanaofichwa zaidi, na aibu hiyo inawagharimu.

Serikali ifanye nini hasa hapo?
Ihakikishe dawa hizo zipo hata usiku na mwisho wa wiki, bila malipo. Iwape wahudumu maelekezo ya maandishi kwamba kijana asirudishwe kwa kukosa karatasi, na sheria iseme bayana nini kifanyike mzazi asipopatikana, maana wakati mwingine mtuhumiwa ni huyohuyo mzazi. Kisha isimamie usiri. Muuguzi anayeuliza kwa sauti mbele ya foleni, "Wewe na umri huo ulikuwa unatafuta nini?", anamfukuza huyo aliye mbele yake na wenzake wote watakaosikia habari hiyo.

Kuwafundisha vijana mambo haya hakutawaharibu?
Hapana. Tafiti zilizopitiwa na UNESCO zimeonyesha kuwa elimu ya jinsia haiwasukumi vijana kuanza ngono mapema.

Kijana akisema anataka kufa?
Msichukulie kuwa ni deko. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake, ondoeni dawa na sumu karibu naye, na aonwe na mhudumu siku hiyohiyo.

Kituo kikinikataa bila karatasi ya polisi?
Omba kuonana na mkuu wa zamu. Akikataa naye, nenda kituo kingine papo hapo. Usirudi nyumbani kusubiri kesho. Malalamiko yataandikwa ukishameza dozi ya kwanza.

Saa 72 zikiwa zimepita?
Njoo hata hivyo. PEP haitaanzishwa, ila utapimwa VVU na mimba, utatibiwa majeraha na magonjwa ya zinaa, na utapata ushauri nasaha. Kama siku 5 hazijaisha, vidonge vya dharura bado vinawezekana.