Homa ya uti wa mgongo: jina na ugonjwa wenyewe

Mzazi wa hapa Amu (Lamu) akiambiwa hospitalini kwamba mwanawe ana homa ya uti wa mgongo, aghalabu mkono wake huenda mgongoni mwa mtoto kutafuta palipovimba. Hana makosa, kwani jina ndilo lililompeleka huko. Uti wa mgongo ni ile mifupa iliyopangana kutoka shingoni hadi kiunoni, na ndani yake hupita ugwe mgongo, ambao ni mwendelezo wa ubongo. Ugonjwa huu, ambao madaktari huuita meninjitisi, haumo katika mifupa hiyo. Umo katika utando wa tabaka tatu unaoufunika ubongo na ugwe mgongo, na katika maji maangavu yaliyomo baina ya tabaka hizo. Jina si la uongo kabisa, maana utando ni mmoja toka kichwani hadi kiunoni, lakini linatuelekeza mgongoni ilhali hatari kubwa iko kichwani.

Utando huo huvimba kwa sababu mbalimbali. Virusi ni sababu ya kawaida, na wengi wanaougua kwa virusi hupona bila dawa maalumu. Wanaoua upesi ni bakteria, hasa meningokoki, nimokoki na hemofilasi aina ya b, na kwa watoto wachanga wamo pia bakteria wanaoambukizwa kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa. Kifua kikuu nacho huweza kufika kwenye utando huo na kuleta ugonjwa unaonyemelea polepole kwa majuma, na kwa watu ambao kinga yao imedhoofishwa na UKIMWI kuna kuvu aitwaye kriptokoka. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si kama mgonjwa ana homa ya uti wa mgongo tu, bali ni ya aina gani, kwa kuwa matibabu yote yanategemea jibu hilo.

Dalili zinazojulikana ni homa kali, kuumwa na kichwa, kutapika, kuumizwa na mwanga na shingo kukakamaa hata kidevu kisiweze kugusa kifua. Baadaye huja kuchanganyikiwa, usingizi mzito na degedege. Kwa mtoto mchanga shingo huenda isikakamae. Badala yake hukataa ziwa, hulia kilio chembamba, hulegea, na utosi wake huvimba. Meningokoki akiingia katika damu huweza kutokea madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia yakibonyezwa kwa bilauri, na kwa ngozi nyeusi yafaa yatafutwe viganjani, nyayoni na ndani ya kope. Hapa pwani degedege lina historia yake: wako wanaoliita nyuni na kulitafutia tiba kwa mganga kwanza, na wako wanaosema ni malaria wakaishia duka la dawa. Malaria kali huweza kweli kufanana na ugonjwa huu, hata daktari hawezi kuvitenganisha kwa macho, na ndiyo maana hupima vyote viwili.

Kipimo chenyewe ni kuchota maji ya uti wa mgongo kwa sindano, nacho huogopwa kuliko ugonjwa. Nimesikia zaidi ya mara moja kwamba sindano hiyo hupoozesha. Ukweli ni kwamba ugwe mgongo huishia juu ya kiuno, na sindano hudungwa chini ya hapo, mahali palipo na maji na nyuzi za neva zinazoelea. Maji ya mtu mzima wa afya ni maangavu kama ya kisima safi. Yakitoka na ukungu, bakteria hushukiwa papo hapo, kisha maabara humtambua ni yupi. Anayepooza baada ya kipimo mara nyingi amepoozeshwa na ugonjwa uliocheleweshwa.

Tiba ya bakteria ni viuavijasumu vya kudungwa mshipani, kama seftriaksoni, na pengine dawa ya kupunguza uvimbe. Havingoji majibu yote ya maabara, kwa sababu saa chache hutosha kuua. Kwa mtu wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, jambo hili ni zito, maana safari ya kwenda hospitali ya Amu ni ya boti, na ya kwenda bara hushukia Mokowe kisha ikaendelea kwa gari. Mgonjwa akishukiwa zahanatini, yafaa muhudumu aulizwe kama sindano ya kwanza inaweza kutolewa kabla ya kupanda chomboni.

Ugonjwa wa bakteria huambukizwa kwa matone ya mate na makamasi, hasa kwa wanaolala chumba kimoja. Ikithibitika ni meningokoki, watu wa karibu hupewa dawa ya kukinga, hata wakiwa wazima. Chanjo ndiyo ngao kubwa zaidi. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya hemofilasi mwaka 2001 na dhidi ya nimokoki mwaka 2011, zikitolewa kliniki katika majuma ya 6, 10 na 14, na chanjo ya BCG ya kuzaliwa humkinga mtoto na meninjitisi ya kifua kikuu. Wanaokwenda Makka wanaijua chanjo nyingine, kwa sababu Saudi Arabia hudai cheti cha chanjo ya meningokoki za makundi A, C, W na Y, iliyodungwa angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Mlipuko wa mwaka 2000 miongoni mwa mahujaji ulitokana na kundi W, nalo halikuwamo katika chanjo iliyotakiwa wakati ule. Chanjo ya meningokoki haimkingi hujaji na nimokoki.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mtu mmoja kati ya sita wanaopata meninjitisi ya bakteria hufa, na mmoja kati ya watano hubaki na madhara makubwa, uziwi ukiwemo. Masikio ya mtoto aliyepona yapimwe kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani au punde baada ya hapo, kwani mtoto anayeitwa na mwalimu wa chuo cha Kurani asiitike huenda hakumsikia.