Mpima macho wa Uingereza anaruhusiwa kufanya nini

Nchini Uingereza, fani yangu inaongozwa na sheria ya Bunge ya mwaka 1989, ambayo kifungu chake cha 24 kinamkataza mtu yeyote kupima uwezo wa kuona wa mwingine, isipokuwa awe daktari aliyesajiliwa au mpima macho aliyemo katika daftari la General Optical Council, chombo kinachosimamia fani hii. Wanafunzi huruhusiwa chini ya usimamizi. Fundi miwani, hata awe mzoefu kiasi gani, hawezi kunishikia zamu katika chumba cha kupimia.

Uzito wenyewe uko katika kifungu cha 26. Kifungu hicho, pamoja na kanuni zake, kinaniagiza nikague uso wa jicho na sehemu zinazolizunguka, kisha ndani ya jicho kwa oftalmoskopu au njia nyingine inayofaa, nikitafuta dalili za jeraha, ugonjwa au kasoro. Kwa hiyo, mteja aliyefuata miwani ya kusomea tu akikutwa kichwa cha neva ya jicho lake, yaani mahali mshipa wa fahamu wa kuonea unapoungana na jicho kwa nyuma, kimechimbika kupita kawaida, jambo linaloweza kuashiria glakoma, ugonjwa unaoharibu neva hiyo na unaoweza kupofusha, siwezi kumwandikia namba ya lenzi nikanyamaza. Kipimo kikiisha, papo hapo ninapaswa kumkabidhi cheti cha miwani chenye saini yangu, au maandishi kwamba hahitaji miwani, pamoja na taarifa kama ninampa rufaa kwa daktari. Cheti ni chake. Anaweza kwenda nacho duka lolote, na ni marufuku kumshurutisha anunue kwetu ndipo apimwe. Naiona hii kuwa kinga muhimu kuliko zote, maana, tuseme ukweli, duka hupata faida yake kwenye fremu na lenzi.

Kuhusu dawa, matone ya kupanua mboni tunayatumia sote wakati wa uchunguzi, lakini kuandika dawa za tiba kwa uamuzi wako mwenyewe ni ruhusa ya waliofuzu mafunzo ya ziada, iliyoanza mwaka 2008. Marekani kila jimbo hujiamulia: West Virginia iliwaruhusu wapima macho kutumia dawa za tiba mwaka 1976, na Oklahoma ikawaruhusu kutumia leza mwaka 1998. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kisha utando ulio nyuma ya lenzi ya bandia ukaingia ukungu, mwenzangu wa Oklahoma anaweza kumtibu mwenyewe kwa leza. Mimi niliye dukani humwandikia barua ya kwenda hospitalini.