Ruzuku tunaisifia, ila kinachoamua ni soketi ya pakingi

Mwaka jana mzee mmoja wa Mombasa anayeishi hapa Oakland, California, alinipigia simu usiku. Kanunua gari ya umeme, Nissan Leaf ya mtumba, bei poa, anabebea abiria wa kwenye app. "Mwanangu, huu waya wanuka." Nikaenda. Anakaa ghorofa ya pili, katoa ekstensheni dirisha la jikoni, imeteremka ukutani, imepita kwenye majani mpaka kwenye gari, na plagi imeyeyuka nusu, rangi ya karanga iliyoungua. Nikamwambia mzee wangu, chomoa hii sasa hivi.

Mi kazi yangu ni kuchora mifumo ya chaja na kufukuzia vibali vyake, na kila nikikaa na watu wetu swali ni moja tu, serikali inatoa hela ngapi ukinunua gari ya umeme? Hakuna anayeuliza utachajia wapi. Yule mzee gari alishaipata, tena bila ruzuku ya mtu. Kilichomshinda ni soketi. Ya ukutani ya volti 120 inakupa kama km 6 au 7 kwa saa, yaani saa kumi za usiku ni km 60 hivi, na yeye kwa siku anapiga zaidi ya 150.

Hela za serikali zinasaidia, sikatai, ila hazitabiriki. California ilianza kutoa ruzuku ya jimbo 2010, Novemba 2023 ikaufunga ule mpango kwa wanunuzi wote kwa ujumla, wakaelekeza nguvu kwa wenye kipato kidogo. Colorado walikuwa wanatoa nafuu ya kodi dola 5,000, 2025 ikawa 3,500, 2026 ikashuka mpaka 750. New Jersey ndo vichekesho, mkono mmoja unakupa ruzuku, mkono wa pili unakudai ada ya gari ya umeme kila mwaka, ilianza dola 250 Julai 2024 na inapanda dola kumi kumi, na ukinunua gari mpya unalipishwa ya miaka minne kwa mpigo! Sababu wanayo, mwenye gari ya umeme halipi kodi ya mafuta na barabara inataka hela, lakini bana, mteja anasimama pale dukani na kalkuleta anajiuliza kama anakaribishwa au anafukuzwa.

Halafu kuna ile sheria kubwa yenyewe, ya kuwabana watengenezaji wa magari. California imeanza huu mchezo 1990, na toleo la mwisho lilisema 35% ya gari mpya za modeli ya 2026 zisitoe moshi, 68% ifikapo 2030, 2035 zote. Majimbo mengine yanaruhusiwa kunakili sheria ya California ila hayaruhusiwi kutunga ya kwao tofauti, na California yenyewe lazima ipate ruhusa ya Washington, yaani serikali kuu, kwanza. Sasa 12 Juni 2025 Trump akasaini kuifuta ile ruhusa, siku hiyohiyo California na wenzake kumi wakaenda mahakamani. Tarehe 30 Septemba nafuu ya serikali kuu ya dola 7,500 nayo ikaisha, pamoja na stika za kumruhusu mwenye gari ya umeme apite peke yake kwenye njia ya magari yaliyopakia zaidi ya mtu mmoja. Ndo maana nasema usijenge nyumba juu ya hizo.

Ambacho Washington haikukigusa ni vitu vya kuchosha kusoma, kanuni za ujenzi na vibali. Hapo ndo jimbo lina meno yake lenyewe. Kuanzia 1 Januari 2026, ghorofa mpya za kupangisha California, kila nyumba yenye sehemu ya kuegesha lazima ipate angalau soketi ya volti 240, breka (ile swichi ya kukata umeme) ya ampia 20. Inaonekana kidogo eh? Piga hesabu, inatoa karibu kilowati 4, km 20 kwa saa, ukilala umeamka na km 150 na ushee. Yule mzee angemaliza shida yake yote. Na ukiweka bomba la waya kabla zege halijamwagwa gharama ni ndogo mno ukilinganisha na kuja baadaye kukata lami.

Vibali navyo. Tangu 2015 sheria ya jimbo inasema mji ukipokea ombi la chaja uangalie usalama na afya tu, basi, na baadaye wakaongeza kikomo cha muda: ombi la chaja zisizozidi 25 likishakamilika, mji una siku 20 za kazi, ukikaa kimya bila sababu ya msingi limepita. Kuna mji mmoja, sitautaja, afisa alinirudishia michoro mara tatu, mara ya mwisho anataka nimwonyeshe vichaka vitakavyopandwa mbele ya chaja na rangi ya boksi. Vichaka! Nikamwandikia barua fupi ya heshima, nimenukuu kifungu, nimehesabu siku. Muhuri ulikuja kesho yake asubuhi, bila maelezo.

Kwa majengo ya zamani sheria ipo lakini inachechemea. Mpangaji akiomba kwa maandishi aweke chaja kwenye nafasi yake, mwenye nyumba hawezi kukataa tu, isipokuwa kama pakingi ina nafasi chini ya tano au iwe kati ya misamaha mingine michache. Ila gharama ni za mpangaji. Tulimwandikia mwenye nyumba wa mzee, akakubali vizuri tu, nikaenda kupima, kutoka kwenye breka mpaka nafasi yake mita 40, lami ya kukata, na paneli ya umeme imejaa. Jumla karibu dola elfu saba. Mzee akanitazama, akacheka, "Hilo ndilo bei ya gari lenyewe."

Akahama. Kapata jengo jipya huko San Leandro, kodi ya nyumba imezidi ile ya zamani kwa dola mia mbili kwa mwezi, soketi iko ukutani mbele ya bampa. Ile ekstensheni kaniachia mimi, iko gereji kwangu, plagi yake bado inanuka.